Namna ya kuutembelea Le Panier, mtaa mkongwe wa Marseille

Mgeni anayefika Marseille kwa mara ya kwanza huelekezwa Le Panier kwa namna moja tu: apande ngazi, apige picha za kuta zilizochorwa rangi, anunue kipande cha sabuni, kisha ashuke. Mimi nami niliutembelea hivyo mara ya kwanza, nikatoka nikiwa nimeona vichochoro vizuri na sikuelewa chochote. Mwongozo huu unapendekeza njia nyingine, ambayo inaanzia mahali ambapo mtaa wenyewe haupo tena, kwa sababu anayejua kilichobomolewa chini ndiye anayeweza kukisoma kilichobaki juu.

Le Panier ni kilima kilicho kaskazini mwa Bandari ya Kale, ile inayoitwa Vieux-Port. Wagiriki kutoka Phocaea, mji uliokuwa katika pwani ya Uturuki ya leo, walitia nanga hapa yapata mwaka 600 kabla ya Kristo na kuuita mji wao Massalia, na tangu wakati huo kilima hiki hakijawahi kukosa wakazi. Jina la sasa, ambalo kwa Kifaransa maana yake ni kikapu, linatokana na nyumba ya wageni iliyokuwapo hapa katika karne ya 17. Mtaa ni mdogo, na mtu mwenye haraka anaweza kuuvuka kwa robo saa. Usiwe na haraka. Utengee siku nzima.

Kuhusu siku yenyewe, epuka Jumatatu, kwa kuwa majumba ya makumbusho ya manispaa hufungwa siku hiyo, na epuka Jumanne ikiwa unataka kuingia Mucem, jumba kubwa la makumbusho lililo ufukweni. Vaa viatu vyenye soli isiyoteleza, maana mawe ya ngazi yamelainishwa na nyayo za karne nyingi na mvua kidogo tu huyafanya yateleze kama sabuni. Chukua pia koti hata kama jua linawaka. Upepo wa mistral, unaoshuka kutoka kaskazini kupitia bonde la mto Rhône, huleta anga safi ya buluu na baridi inayopenya nguo, na siku unapovuma, watu wa Marseille hutembea wakipita upande wa ukuta. Ndani ya vichochoro utapata nafuu, kwa sababu ujenzi wa kubanana namna hii huukata upepo nguvu. Lakini ukitokeza tu kwenye uwanja unaotazama bahari, utakupokea kwa kishindo.

Kutoka stesheni kuu ya Saint-Charles, panda treni ya chini ya ardhi, njia ya kwanza, na ushuke kituo cha pili, Vieux-Port. Ukifika mapema, yaani kama saa tatu asubuhi, utawakuta wachuuzi wa samaki kwenye ncha ya bandari na meza zao za vitu vilivyovuliwa usiku. Watazame, wasalimu, kisha ugeuke upande wa kaskazini na kuifuata gati inayoitwa Quai du Port.

Hapo simama na kuipa maji mgongo. Mbele yako kuna safu ya majengo ya mawe yenye urefu unaofanana, yenye roshani kubwa na migahawa chini. Ni majengo mazuri, yaliyojengwa upya baada ya vita chini ya msanifu Fernand Pouillon. Swali la kujiuliza ni hili: mji wenye umri wa miaka 2,600 unawezaje kuwa na majengo ya miaka ya 1950 mbele kabisa ya bandari yake? Jibu ni Januari 1943. Wanazi, waliokuwa wameikalia Marseille tangu Novemba 1942, waliutazama mtaa huu wa mabaharia, wavuvi, wahamiaji na watu waliojificha kama uchafu unaopaswa kuondolewa, na polisi wa serikali ya Vichy, ile ya Wafaransa iliyokuwa upande wa Wajerumani, wakashirikiana nao katika kazi hiyo. Misako ilianza tarehe 22 Januari. Tarehe 24, siku ya Jumapili, yapata watu 20,000 waliamriwa kutoka majumbani mwao wakiwa na walichoweza kubeba mikononi, na yapata 12,000 kati yao wakapelekwa katika kambi huko Fréjus. Siku hiyohiyo treni iliondoka katika stesheni ya Arenc ikiwa na watu 1,642; karibu nusu yao walikuwa Wayahudi, ambao wengi wao walipelekwa hadi Sobibor, kambi ya mauaji ya Wanazi huko Poland, na kuuawa. Kuanzia tarehe 1 Februari baruti zilitegwa nyumba kwa nyumba, na katika muda usiozidi wiki tatu majengo kama 1,500 katika eneo la hekta 14 yaligeuka kifusi. Ni mwaka 2019 tu ndipo waendesha mashtaka wa Paris walipofungua uchunguzi wa uhalifu dhidi ya ubinadamu kuhusu siku zile.

Kwa hiyo Le Panier unaoutembelea leo ni nusu ya juu ya mtaa uliokatwa. Liweke jambo hilo akilini unapotafuta majengo machache yaliyoachwa yasimame. La kwanza liko papo hapo gatini: Hôtel de Ville, jumba la manispaa la karne ya 17, dogo kuliko majirani wake wapya. Nyuma yake kuna Maison Diamantée, nyumba ambayo mawe ya uso wake yamechongwa ncha ncha kama almasi. La tatu, lililo barabara ya Grand-Rue, ni Hôtel de Cabre, nyumba ya mwaka 1535, kongwe kuliko nyumba zote za Marseille zilizosalia. Izunguke pole pole. Hii haikubomolewa, lakini mwaka 1954, ramani mpya ya barabara ilipokuwa haiendani nayo, wahandisi waliiinua nzima na kuigeuza digrii 90 ili ielekee mtaa mpya. Nyumba iliyodumu zaidi ya miaka mia nne mahali pake iliishia kugeuzwa kama kabati chumbani.

Karibu na hapo, katika uwanja wa Place Vivaux, kuna Musée des Docks romains, na ningekuomba usilipite. Ni ukumbi mmoja tu, ulio chini ya jengo la makazi. Mafundi walipokuwa wakisafisha kifusi ili kujenga upya, mwaka 1947, walikuta mabaki ya ghala la Warumi: mitungi mikubwa ya udongo iliyofukiwa ardhini, kila mmoja ukiwa na nafasi ya kumficha mtu mzima, ambamo divai ilihifadhiwa ikisubiri meli. Mitungi hiyo haikuhamishwa. Jumba la makumbusho lilijengwa juu yake, nayo iko pale pale ilipowekwa na wapagazi wa Kirumi. Inama uitazame midomo yake, uone jinsi ilivyopasuka na kuungwa. Inauma kufikiri kwamba ghala hili lilionekana kwa sababu tu nyumba za watu zililipuliwa juu yake.

Baada ya hapo ndipo upande. Njia nzuri ni ile ya Montée des Accoules, ngazi ndefu inayoanzia chini ya mnara wa kengele uliobaki peke yake. Kanisa la mnara huo lilibomolewa wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa, mnara ukaachwa. Upande wa pili kuna uwanja wa Place Daviel, uliopewa jina la Jacques Daviel, daktari wa karne ya 18 aliyefanya kazi Marseille na ambaye ndiye aliyeanzisha njia ya kutibu mtoto wa jicho kwa kuutoa nje kwa upasuaji, badala ya kuusukuma pembeni kwa sindano kama ilivyokuwa desturi. Jumba kubwa linalotawala mandhari hapo juu, Hôtel-Dieu, ndilo lililokuwa hospitali ya mji. Tangu mwaka 2013 ni hoteli ya kifahari.

Panda ngazi bila pupa, kisha ruhusu miguu ikupoteze kidogo. Barabara za juu, kama Rue du Panier, Rue du Petit-Puits na Rue Sainte-Françoise, ni nyembamba kiasi kwamba majirani wa pande mbili wanaweza kuzungumza dirishani bila kupaza sauti, na nguo zilizoanikwa hupepea juu ya kichwa chako. Msomaji aliyezoea Mji Mkongwe wa Unguja, Lamu au Mombasa hatahitaji kufundishwa namna ya kupita humu. Yote tunayoyajua yanafaa: kumpisha mwenye mzigo, kutosimama mlangoni kwa mtu, kutochungulia ndani ya nyumba iliyo wazi kwa ajili ya joto. Watu wengi hupiga picha za madirisha na za watoto wanaocheza kana kwamba mtaa ni maonyesho. Ni makazi ya watu. Omba ruhusa kwanza, na kabla ya ombi lolote, kabla hata ya kuuliza njia au bei, sema "bonjour". Kwa Mfaransa neno hilo ni kama hodi. Asiyelitamka huhesabiwa kuwa ameingia bila kubisha.

Kuna salamu nyingine unayoweza kuihitaji. Marseille ina makumi ya maelfu ya watu wenye asili ya Visiwa vya Ngazija, na jumuiya yao ni miongoni mwa jumuiya kubwa za Wangazija nje ya visiwa vyao. Wa kwanza walikuja kama mabaharia na wachochezi wa makaa katika meli za kampuni ya Messageries Maritimes, iliyosafiri kutoka bandari hii kupitia Suez hadi Mombasa, Unguja na Madagaska, na vyumba vya bei nafuu vya Le Panier na mitaa jirani vilikuwa miongoni mwa makazi yao. Siku moja, nikiwa nimesimama dukani nyuma ya mama mmoja aliyejitanda shiromani, nilimsikia akimwambia muuzaji kijana "marahaba" alipokabidhiwa chenji. Nikageuka kumtafuta aliyemwamkia mama wa watu shikamoo, na sikumwona. Ilinichukua dakika nzima kuelewa kwamba kwa Kingazija marahaba ni asante. Lugha hiyo ni ndugu wa Kiswahili, ingawa si Kiswahili, na ukimsalimu mzee mwenye kofia ya kudariziwa kwa upole na adabu, mtaelewana zaidi ya unavyotarajia.

Ukiendelea kupanda utafika Place des Moulins, uwanja wa utulivu wenye miti, ambapo zamani vilisimama vinu kumi na vitano vya upepo vya kusaga nafaka. Wageni wengi hawafiki hapa kwa kuwa hakuna cha kununua. Keti kwenye benchi, unywe maji, kisha ushuke kuelekea Vieille Charité, ambayo ndiyo moyo wa safari hii na inastahili saa nzima au zaidi.

Anza kwa kuitazama kutoka nje. Kuta zake za barabarani zimefungwa kabisa kwa upande wa mtaa, kama ngome, na hilo halikuwa bahati mbaya. Katika karne ya 17 wafalme wa Ufaransa waliagiza maskini na ombaomba wafungiwe, na Marseille ilimpa kazi hiyo ya ujenzi msanifu na mchongaji Pierre Puget, aliyezaliwa mwaka 1620 katika mtaa huu huu. Ujenzi ulianza mwaka 1671 na haukumalizika hadi 1749, miaka mingi baada ya kifo chake. Walinzi walizunguka mjini wakiwakamata wasio na makazi na kuwaleta hapa, ambako walilishwa, walifanyishwa kazi na walizuiwa kutoka.

Kisha ingia. Utajikuta katika ua wa mstatili uliozungukwa na ghorofa tatu za varanda zenye matao, zote za jiwe linaloelea kati ya rangi ya waridi na rangi ya asali kadiri jua linavyosogea. Katikati kuna kanisa dogo lenye kuba ya umbo la yai. Nenda chini ya kuba hiyo, uinue kichwa na usubiri macho yazoee. Mtu aliyejaliwa kipaji kikubwa kuliko wote mjini mwake alikitumia kuwajengea maskini mahali pazuri pa kufungiwa, nami kila nikija hapa hushindwa kuamua kama nimshukuru au nimsikitikie. Ninachoweza kukushauri ni kupanda hadi varanda ya juu na kutembea pande zote nne ukitazama chini, kwa sababu kutoka ghorofani ndipo unapoona jinsi kila mtu uani alivyoweza kuonwa na mlinzi.

Jengo lilikuja kuwa kambi ya askari, kisha kimbilio la familia maskini zilizojibana vyumbani, wakiwemo waliopoteza makazi yao mwaka 1943. Hali yake ilikuwa mbaya hata likatajwa kubomolewa. Msanifu Le Corbusier alikuwa miongoni mwa waliopaza sauti kulitetea, likatangazwa jengo la kumbukumbu ya kihistoria mwaka 1951, na ukarabati ukakamilika mwaka 1986. Leo lina makumbusho ya akiolojia ya Mediterania na yale ya sanaa za Afrika, Oseania na wenyeji wa Amerika. Ukiwa na nguvu ya kuingia katika moja tu, ingia hayo ya pili.

Kwa chakula cha mchana shuka hadi Place de Lenche, uwanja unaoteremka kuelekea bandari, ambapo inaaminika palikuwa na soko la Wagiriki. Agiza panisse ukizikuta: ni vipande vya unga wa dengu, ule ule tunaoufanyia bajia, uliopikwa kama ugali laini, ukaachwa ugande, ukakatwa duara na kukaangwa. Kwa utamu jaribu navette, biskuti ngumu yenye umbo la mtumbwi na harufu ya maua ya mchungwa.

Kuhusu sabuni, ambayo hakika utaombwa kuinunua, chagua kwa makini. Maduka yamejaa vipande vya rangi zote vyenye manukato, na vingi havihusiani na sabuni iliyoupatia mji jina. Sabuni ya Marseille ya asili ni mche usio na rangi ya kuongezwa wala manukato, uliogongwa muhuri wa 72%, yaani kiwango cha mafuta. Ya kijani hutokana na mafuta ya zeituni. Nyeupe hutokana na mafuta mengine ya mimea, kama ya nazi na ya mawese. Geuza pakiti usome viambato: vikiwa vingi, irudishe. Katika karne ya 19 wafanyabiashara wa Marseille walituma meli hadi Unguja na Lamu kununua ufuta na mbata kwa ajili ya viwanda vya mafuta na sabuni, kwa hiyo minazi ya pwani yetu imo katika historia ya mche huo unaoushika mkononi.

Alasiri elekea baharini. Utaliona kwanza kanisa kuu la La Major, lililojengwa kati ya 1852 na 1893 kwa mistari ya mawe meupe na ya kijani, kubwa kupita kiasi kwa kilima hiki. Pembeni yake limebaki pande la kanisa la karne ya 12 lililokatwa ili kulipisha. Kwangu mimi hilo dogo ndilo la kutazamwa. Kisha fuata uwanja wa Esplanade de la Tourette, ambapo watu hupiga picha za bandari bila kujua wamesimama wapi. Mwezi Mei 1720 meli ya Grand-Saint-Antoine ilileta tauni kutoka mashariki ya Mediterania pamoja na shehena ya vitambaa ambayo wakubwa wa mji walikuwa na hisa ndani yake, na karantini ikalegezwa. Yapata nusu ya watu wa Marseille walikufa. Hapa Tourette maiti zaidi ya elfu moja zililala juani kwa wiki kadhaa, hadi tarehe 16 Septemba, Nicolas Roze alipoongoza askari na wafungwa wapiga makasia kuzitumbukiza katika mashimo ya ngome za zamani chini yake. Wengi wa waliofanya kazi hiyo walikufa baada ya siku chache.

Mwisho wa uwanja kuna kanisa la Saint-Laurent, la mawe ya rangi ya waridi, parokia ya wavuvi tangu Zama za Kati, ambalo mabomu ya 1943 yaliliacha likiwa limesimama pembezoni mwa kifusi. Kutoka hapo daraja jembamba la waenda kwa miguu linakuvusha juu ya barabara hadi Fort Saint-Jean, na daraja la pili linaendelea hadi Mucem, jumba lililofunguliwa mwaka 2013 likiwa limevishwa wavu wa zege mfano wa jamvi lililofumwa. Kuingia katika bustani za ngome hakuhitaji tiketi. Usiondoke kabla ya kushuka hadi chini ya ngome, kwenye handaki la Wajerumani ambalo sasa ni Mémorial des Déportations, kumbukumbu ya waliopelekwa makambini. Lifikie kabla ya jioni, kwani hufungwa mapema kuliko bustani.

Rudi kwa kuifuata gati hadi mbele ya Hôtel de Ville, na upande kivuko kidogo kinachovuka bandari kwenda upande wa pili. Safari ni ya dakika chache tu. Keti nyuma, uso ukielekea ulikotoka, na uhesabu: jumba dogo la karne ya 17 peke yake gatini, safu ya Pouillon kulia na kushoto kwake, mnara wa Accoules ukitokeza nyuma ya mapaa, na juu ya yote hayo, pale baruti zilipokoma, nyumba zilizobanana.